Ua Jeupe Asubuhi, Jekundu Mchana

Maneno yenyewe niliyasikia jikoni mwa kanisa, Ijumaa ya kukaanga samaki, mikono yangu imejaa unga wa mahindi hadi viwikoni. Tangu siku hiyo hayakunitoka. Nalala nayo, naamka nayo, nikipiga pasi yananisemesha.

Aliyeyaleta ni Dada Earline Mabry, mkuu wa wakaribishaji pale kanisani kwetu Detroit, yule wa glavu nyeupe anayemwonyesha kila mtu pa kukaa.

"Hattie," akaniambia bila kuniangalia, "yule bwana wa Delphine wako ana mke kule Flint."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani? Watu wana majina, Earline."

"Binamu yangu anasali kule. Kamwona kwa macho yake. Benchi moja na mwanamke, kitabu kimoja cha nyimbo."

"Kushika kitabu cha nyimbo na mtu siyo ndoa. Mimi na wewe tumeshika kimoja miaka yote hii na sijakuoa."

"Haya, cheka. Ila geuza samaki, anaungua."

Nilimgeuza yule samaki, lakini upande mmoja ulikuwa mweusi tayari.

Delphine ni mwanangu wa pekee. Anafanya kazi kampuni ya simu, ana sauti ya kumtuliza hata mtu aliyekatiwa laini. Umri wa thelathini alikuwa ameshaupita, na wanaume wawili walikwisha kumwacha barazani kwangu na sanduku la ahadi tupu. Halafu akaja Royce Tolliver. Mrefu, mpole, mtu wa kiwanda cha magari. Alivua kofia kabla sijamfungulia mlango. Alikula sukuma yangu, kisha akaomba mchuzi uliobaki kwenye sufuria achovyee mkate wa mahindi. Mwanaume anayeomba mchuzi wa chini ya sufuria, mimi namna hiyo hunipata upesi.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza kwao ni wapi na wazazi wake ni nani. Akaweka uma chini.

"Mama yangu alifariki, Mama Hattie. Baba sikumjua. Ndugu sina. Ndiyo maana nikiona meza kama hii, sitaki kuondoka."

Utamuuliza nini tena mtu wa namna hiyo? Nikamwongezea kuku.

Mwanangu alimpenda mpaka mwendo wake ukabadilika. Royce alikuwa na sauti nzito ya chini, na kila akimrudisha nyumbani walikaa kwenye gari mbele ya mlango, madirisha wazi, akimwimbia wimbo mmoja wa zamani wa kundi la Larkmonts. Wimbo wa mwanaume anayemwomba mpenzi wake amwachie taa ya barazani ikiwaka, kwa sababu anarudi, hata akichelewa anarudi. Mimi nilikuwa nikiwasikiliza kutoka jikoni. Delphine akiingia ndani, anaizima taa ya barazani polepole kama anayemfunika mtoto.

Kitu kimoja tu: Jumamosi na Jumapili nyingi Royce hakuonekana. Alisema kiwanda cha Flint kinamhitaji mwisho wa wiki. Tulimwamini. Harusi ilipangwa mwezi wa Juni, kanisa letu, gauni limeshatundikwa mlangoni mwa kabati langu.

Baada ya maneno ya Earline nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia mwanangu alipokuwa akijaribu lile gauni, nami nimepiga magoti nina pini mdomoni.

"Watu wanasema Royce ana mke Flint."

Alinitazama kwenye kioo. "Nani? Dada Earline? Yule aliyesema mchungaji anapaka nywele rangi?"

"Na anapaka."

"Mama!"

"Mimi nakwambia tu nilichosikia, mwanangu. Muulize."

"Nimuulize nini? Mtu hana mama, hana ndugu, ana mimi tu, halafu nimwendee na umbea wa jikoni?" Macho yalianza kumjaa. "Unajua shida yako? Hutaki niolewe. Unaogopa kubaki peke yako na televisheni yako."

Nilitoa pini mdomoni. "Geuka nikupime nyuma," nikasema.

*

Ikafika Siku ya Mama, mwezi Mei. Kwetu siku hiyo mlangoni mwa kanisa huwekwa vikapu viwili vya maua. Ambaye mama yake yu hai anabandikwa ua jekundu kifuani. Aliyefiwa na mama, jeupe. Hakuna anayekosea hapo. Mtoto mdogo tu ukimbandika jeupe kwa bahati mbaya atapiga kelele kwamba umemuua mama yake.

Dada Earline alikuwa amesimama kando ya vikapu na glavu zake. Delphine alijibandika jekundu, akanibusu shavuni, nikajua amenisamehe. Mimi nikachukua jeupe langu. Kisha nikachukua jeupe la pili na kumfuata Royce, kwa sababu nilitaka kumwona usoni nikimbandika.

Suti yake ilikuwa ya kijivu. Pini ilipopita kwenye kitambaa, midomo yake ikaanza kutetemeka. Chozi likamdondoka, la kweli, likanilowesha kidole.

"Mama Hattie," akasema, "mwaka huu nina mama tena."

Jamani. Hapo moyo wangu uliokuwa umekaza tangu Ijumaa ile ya samaki ulilegea wote. Nilitoa leso yangu nikamfuta machozi mbele ya watu. Niliona haya kwa kila baya nililomfikiria. Earline alitutazama, akavuta glavu yake ya kushoto ikakaa sawa.

Ibada ilipokwisha, Delphine alimshika Royce mkono pale ngazini.

"Utakula kwetu, sivyo? Mama kapika makaroni na jibini, na pai ya viazi vitamu."

"Siku hii huwa nakwenda makaburini Toledo, mpenzi. Peke yangu. Nakaa naye mpaka jua linashuka." Akaligusa lile ua kifuani. "Hili nitamwekea juu ya kaburi."

"Nikusindikize?"

"Mwakani. Ukiwa mke wangu, nitakupeleka umwone."

Akambusu kwenye paji la uso akaondoka. Mwanangu alilitazama gari mpaka likakata kona. Nilijua kingine kilichomuuma. Mchana huo Larkmonts walikuwa na onyesho mjini, wako kwenye ziara yao, na tikiti zilikwisha zamani. Alitamani mno kuusikia ule wimbo wao wawili ukiimbwa na wenyewe. Royce alimwambia watakuja mwaka mwingine.

Hatujafika kwenye gari letu, Earline akatuita kutoka mlangoni.

"Delphine! Njoo, binti. Hizi hapa tikiti mbili za Larkmonts. Nendeni wewe na mama yako."

"Dada Earline! Na wewe je?"

"Miguu imevimba. Siwezi kupanda ngazi za ule ukumbi."

"Mbona umesimama tangu asubuhi?" nikamuuliza.

"Ndiko kulikonivimbisha. Hattie, chukua tikiti, acha maswali. Siku ya Mama leo."

*

Mnaowajua Larkmonts hamna haja ya kusimuliwa. Katika watano wa mwanzo wamebaki wawili, na hao watatu wapya wangeweza kuwa wana wao. Lakini suti zilikuwa za buluu moja, leso za kifuani zimekunjwa namna moja, na walipogeuka waligeuka wote kama mlango mmoja unaofunguka. Ukumbi mzima ulikuwa wanawake na kofia zao za kanisani, manukato juu ya manukato. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa akipiga kelele tangu mwanzo.

"Polepole, baba! Usivunjike nyonga! Tunakuhitaji mpaka mwisho!"

"Nyonga moja nilishabadilishiwa hospitalini," akajibu Weldon Pryce, yule mwimbaji mkuu wa sauti nyembamba, "hii ya pili ndiyo nacheza nayo." Watu wakaangua kicheko.

Tulikaa roshani, mbele kabisa, tunaona kila kitu chini. Delphine alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanigeukia.

"Laiti Royce angekuwepo, Mama."

"Yuko na mama yake."

"Najua. Ndiyo maana naona vibaya kufurahi."

Nilimshika mkono. Mara gitaa likaanza taratibu, na watu wakapiga kelele kabla sauti haijatoka, kwa sababu kila mtu aliujua. Ulikuwa ule wimbo wa taa ya barazani. Mwanangu alinibana vidole. Weldon akaimba ubeti wa kwanza akiwa jukwaani, wa pili akashuka ngazi, taulo shingoni, taa ikimfuata. Siku ya Mama hufanya hivyo. Anatafuta mama mmoja mzee amwimbie.

Alisimama karibu na mbele, kwenye safu ya mama mmoja mdogo wa umbo, kofia ya zambarau, ua jeupe kifuani. Wenzake jukwaani wakawa wanavumisha tu kwa chini.

"Mama mzuri, unaitwa nani?"

"Idabelle Tolliver. Natoka Flint."

Vidole vya Delphine vikaacha kunibana.

"Akina Tolliver wako wengi," nikasema upesi. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

"Na nani amekuleta kwangu leo, Mama Idabelle?"

"Tumekuja na basi la kanisa letu. Huyu mkwe wangu, Jeanette, ndiye kapanga safari. Na mwanangu katukuta hapa, anafanya kazi huku huku. Simama, mwanangu! Ana haya huyu, lakini huu wimbo wako ananiimbia jikoni kwangu tangu hana meno."

Mwanaume akasimama nusu, akataka kukaa. Watu wakampigia makofi. Taa ikamwangukia. Suti ya kijivu. Na kifuani, pale pale nilipopitisha pini yangu asubuhi, ua jekundu.

Nilimwangalia Delphine. Alikuwa hajapepesa jicho.

"Ndugu," Weldon akamwambia, "kama unaujua, mwimbie mama mstari mmoja. Ama mkeo. Chagua mwenyewe, mimi sitaki ugomvi kwenu."

Kicheko tena. Yule Jeanette, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, alikuwa akimsukuma mumewe kwa kiwiko, "Imba bwana, usitutie aibu." Kipaza sauti kikawekwa mdomoni. Na Royce akaimba. Kwa ile ile sauti ya chini, ile ya kwenye gari, madirisha wazi. Akamwimbia mkewe kwamba amwachie taa, anarudi, hata akichelewa anarudi. Alifumba macho kama alivyokuwa akifumba mbele ya nyumba yangu. Ukumbi ulilipuka. Mama wa nyuma yetu akalia kwa furaha: "Huyo ndiye mume! Mnaona mume huyo!"

"Mama," Delphine akasema polepole, "ua lake ni jekundu."

"Nimeliona."

"Alilibadilisha wapi?"

Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza mkoba wake uko wapi.

*

Wakati wa mapumziko alisimama, akanyoosha sketi, akashuka ngazi. Nilimfuata nikishikilia kofia. Mama Idabelle na Jeanette walikuwa wameketi kwenye benchi la ukumbi wa mbele, Jeanette akimpepea mkwewe na karatasi ya onyesho. Royce alikuwa anarudi na glasi ya maji ya limau. Alipotuona, yakammwagikia kiatuni.

Delphine alimpita. Akainama kwa yule mama.

"Heri ya Siku ya Mama, mama yangu."

"Asante, mwanangu! Wee, mtoto mzuri. Mama yako yu hai, naona, una jekundu."

"Yu hai. Huyu hapa."

"Royce, mbona umeganda? Unawafahamu hawa?"

Mwanangu akageuka kumtazama. Nakuapia, hata pale bado alikuwa anampa nafasi. Nilimwona usoni. Angesema neno moja la kweli, lolote, nadhani angemshukuru.

"Ni dada mmoja wa kampuni ya simu," Royce akasema. "Namfahamu kwa mbali."

"Kwa mbali," Delphine akarudia.

Akashusha kichwa. Nikajua anataka kuondoka. Anataka kumstahi yule mama mzee, abebe mzigo wote peke yake mpaka nyumbani, ajifungie chumbani na lile gauni. Mwanangu yuko hivyo. Mimi siko hivyo.

"Royce," nikasema, "lile ua jeupe nililokubandika asubuhi umeliweka wapi?"

Mama Idabelle akainua kofia yake ya zambarau. "Jeupe?"

"Mama, onyesho linaanza, turudi ndani," Royce akasema.

"Jeupe la nini, Royce? Nani kafariki?"

"Mama, nitakueleza."

"Nimekuuliza nani kafariki!"

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Jeanette aliacha kupepea. Aliangalia kifua cha mumewe, kisha mkono wa Delphine, kidole chenye pete. Nyuma ya milango ngoma zilikuwa zinajaribiwa.

"Kaburi liko Toledo," Delphine akasema kwa sauti ndogo. "Aliniambia anakwenda kukaa nalo mpaka jua lishuke."

Mama Idabelle alijiinua akishikilia bega la mkwewe. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfikia Royce kifuani tu, sawasawa na lile ua.

"Nimekulea kwa kufua nguo za watu," akamwambia. "Nimekaa nje ya chumba chako cha hospitali, nimekuozesha. Nawe umenizika. Umenizika, Royce, ukavaa na ua."

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Mpaka ukalia, au?" Akanigeukia mimi. "Alilia?"

"Alilia," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfuta."

Alinyoosha mkono akalichomoa lile ua jekundu. Pini ilimchoma, hakujali. Akalishika tu, hakujua aliweke wapi.

"Tangu lini?" Jeanette alimuuliza Delphine.

"Mwaka juzi. Sikujua, dada. Naapa kwa uhai wa mama yangu huyu. Harusi ni Juni."

"Najua hukujua. Mtu anayejua haji kusalimia." Akavuta pumzi. "Mimi aliniambia kiwanda cha Detroit hakimwachii siku za kazi hata usiku mmoja."

Delphine alivua pete. Ilikataa kidogo kwenye kifundo, akailowesha kwa mate, ikatoka. Akaidondosha kwenye ile glasi ya limau mkononi mwa Royce.

"Delphine, nisikilize, nilikupenda kweli, naweza kueleza..."

"Namfahamu huyu kwa mbali," Delphine akamwambia Mama Idabelle. Kisha akambusu yule mama mkono.

Nilidhani tutakwenda nyumbani. Nikaanza kutafuta funguo. Akanishika kiwiko.

"Tunarudi ndani, Mama. Nimekuja kuwasikia Larkmonts."

Tukarudi. Na katikati ya wimbo wa haraka kuliko yote, ukumbi mzima umesimama unacheza, wanawake wanapunga leso, mwanangu akakaa kwenye kiti chake akalia. Sauti hata haikusikika. Nikasimama mbele yake na kofia yangu pana ili mtu asimwone, nikapiga makofi kwa nguvu kama mwendawazimu.

Tuliporudi nyumbani Earline alikuwa barazani kwangu na sahani ya pai. Viatu vyake vilikuwa vya kisigino kirefu, na miguu imeingia bila shida.

"Uvimbe umepungua?" nikamuuliza.

"Umepungua." Akamtazama Delphine, macho yake yakalowa. "Binti, ningekwambia kwa mdomo usingeniamini. Binamu yangu aliniambia basi la kanisa lao linakuja kwenye onyesho."

"Nisingekuamini," Delphine akasema. Akafungua mkono akachukua pai. Kisha akapapasa ukutani, akaizima taa ya baraza. Tukala gizani, sote watatu.

Sikusoma mbali, nilitolewa shule ya msingi nikafanye kazi. Lakini wewe binti unayesoma hapa, yaandike mahali haya ya kuepuka:

Epuka mwanaume asiye na hata mtu mmoja wa kumpigia simu kwao.

Epuka anayepotea kila mwisho wa wiki, hata akisema ni kazi.

Epuka kumwambia mama yako anaogopa kubaki peke yake. Anaogopa, ndiyo, lakini siyo hilo analokwambia.

Epuka kuchanganya sauti nzuri na neno la kweli.

Epuka kuolewa kabla hujaonyeshwa kaburi, kama anasema lipo.

Na nyinyi akina mama wenzangu: epukeni kumfuta mtu machozi kabla hamjajua anamlilia nani.